Mtoto Hachanganyikiwi: Lugha Nyingi za Arua na Koboko



Mwalimu wa lugha katika mji huu wa Arua hakosi mzazi wa kumsubiri mlangoni. Husema hivi: "Mwalimu, huyu mtoto nyumbani tunaongea Kilugbara. Bibi yake mmoja ni Mkakwa. Mtaani wanacheza kwa Kiswahili na Kinubi. Shuleni ni Kiingereza. Si atachanganyikiwa? Tuache ipi?" Swali hilo huulizwa kwa upendo, na mara nyingi muulizaji ameshakata shauri: ataacha Kilugbara. Mhadhara wangu ni jibu kwa mzazi huyo. Asiache hata moja. Na ikiwa dunia itambana mpaka alazimike kupunguza, basi asiiguse ile ambayo mtoto humsalimia nayo bibi yake.

Nimejifunza kuiheshimu hofu ya wazazi, kwa hiyo nitaanza nayo. Haikuzaliwa hapa. Wazee wetu wa pande zote za mpaka waliona ni jambo la kawaida mtu kuoa kwa jirani na kujua lugha ya wakwe zake. Hofu ililetwa na shule, na shule nayo iliichota kwa wataalamu wa Ulaya. Mwaka 1923 mtafiti D. J. Saer alichapisha matokeo ya kuwapima akili watoto wa Wales. Watoto wa vijijini waliojua Kiwelishi na Kiingereza walipata alama za chini kuliko wenzao wa vijijini waliojua lugha moja tu. Habari ikaenea kwamba lugha mbili hudumaza akili. Lakini katika matokeo yake mwenyewe, tofauti hiyo haikujitokeza kwa watoto wa mjini. Kama lugha mbili zingekuwa sumu, zingewadhuru wa mjini pia. Ilipasa kuulizwa mtoto wa kijijini amekosa nini kingine, na kipimo chenyewe kilikuwa cha lugha ya nani.

Miaka ilipita kabla jambo hili halijapimwa kwa uangalifu zaidi. Mwaka 1962, mjini Montreal, Elizabeth Peal na Wallace Lambert walilinganisha watoto wa miaka 10 wenye hali ya maisha inayofanana, na wale wa lugha mbili wakafanya vizuri zaidi. Tangu hapo mambo yaligeuka, hata yakapita kiasi. Tukaanza kuambiwa kwamba lugha ya pili huupa ubongo nguvu za ajabu: umakini, wepesi wa kufikiri, kinga dhidi ya uzee. Baadhi ya hayo yana msingi. Ellen Bialystok na wenzake wa Toronto walichunguza mwaka 2007 kumbukumbu za wagonjwa 184 wa maradhi ya kupoteza akili uzeeni, wakakuta wale wa lugha mbili walianza kuugua wakiwa na miaka takriban minne zaidi kuliko wenzao. Upande wa pili, utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019, wenye watoto zaidi ya 4,500 wa miaka 9 na 10, haukuona kwamba watoto wa lugha mbili wanawashinda wenzao katika vipimo vya kudhibiti mawazo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na ingenifaa sana kuwatajia wale wa Toronto nikanyamaza kuhusu hao wengine. Sitafanya hivyo. Mzazi akimpa mtoto lugha kama dawa ya kuongeza akili, siku alama za mtihani zisipopanda ataitupa kama dawa iliyokwisha muda wake.

Upo hata hivyo utafiti mmoja ambao kila mtu wa eneo letu hili la West Nile anapaswa kuujua. Huko Hyderabad, India, daktari Suvarna Alladi na wenzake walichunguza wagonjwa 648 wa maradhi hayo hayo ya uzeeni, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Hyderabad ni mji wa Kitelugu, Kiurdu, Kihindi na Kiingereza, na watu wake hubadilisha lugha kama sisi, kwa sababu ya jirani na soko. Waliojua zaidi ya lugha moja waliugua wakiwa na miaka minne na nusu zaidi kuliko waliojua lugha moja. Na kati ya wale ambao hawakuwahi kusoma wala kuandika, tofauti ilifika miaka sita. Kwa hiyo nafuu hiyo haikutokana na elimu ya darasani. Ilionekana kwa watu waliopata lugha zao kwa kuishi tu, kama alivyozipata mama anayeuza sokoni Koboko. Mama huyo nataka kumzungumzia kwa kirefu.

Koboko ni mwendo wa kilomita 55 hivi kutoka hapa, na ukisonga mbele kidogo unafika Oraba, ng'ambo yake ni Kaya ya Sudan Kusini. Ukishika njia nyingine unaingia Kongo. Kuna mahali wilayani Koboko, Salia Musala, ambapo nchi zote tatu hukutana. Soko la Koboko hulishwa na njia hizo zote. Nilikaa pale asubuhi moja karibu na mama mmoja anayeuza dagaa na ufuta, ambao sisi huku twauita simsim. Jina lake nitalihifadhi. Hakusoma shule hata siku moja.

Alifika dereva wa Kikongo, kijana, kofia nyuma. Mama alimwanza kwa Kibangala na utani juu yake, bei ikafuata baadaye. Alifika mwanamke mtu mzima, amefunga kitambaa kichwani kwa namna ya watu wa Juba. Hapo utani ulikoma. Kiarabu cha Juba kilitoka polepole, salamu ndefu, habari za watoto, habari za njiani, na bei haikutajwa mpaka yule mgeni mwenyewe alipoinama kugusa dagaa. Kisha akaja kijana mwembamba aliyeuliza bei kwa Kiarabu hicho hicho. Mama alimsikiliza maneno machache tu, akainua uso, akamjibu kwa Kikakwa: wewe ni wa ukoo gani? Alikuwa amesikia lafudhi ya Yei, kwa Wakakwa wa Sudan Kusini, ndani ya Kiarabu cha yule kijana. Kijana alinyamaza kwanza. Halafu akataja ukoo, mama akamsogezea kigoda, na kilichoendelea hapo hakikuwa biashara tena.

Kabla sijaondoka alipita ofisa mmoja wa ushuru, akauliza jambo kwa Kiingereza. Mama alimtazama kama asiyeelewa kitu. Ofisa akaita mtu wa kumtafsiria, na katika muda ule wa kusubiri mama alikuwa ameshatafakari jibu lake. Nina hakika alielewa. Kujua ni lini usijue lugha ni sehemu ya kuijua.

Niliporudi jioni, alikuwa akihesabu fedha zake kwa Kiswahili, noti baada ya noti. Nilimuuliza kwa nini asihesabu kwa Kikakwa. Akasema fedha alifundishwa na baba yake, na baba yake alizijulia kwenye mashamba ya miwa kule Kakira.

Sasa niulize: akili ya mama huyu ilikuwa ikifanya kazi gani? Hakuna kipimo cha Toronto wala cha Marekani kilichowekwa kumpima mtu kama huyu. Kazi yake ya kwanza haikuwa kuongea. Ilikuwa kumsoma aliye mbele yake: anatoka wapi, ana umri gani, amechoka kiasi gani, anataka kujulikana au anataka kupita bila kujulikana. Lugha aliichagua baada ya hapo. Na hili ndilo ninaloamini kuwa faida kubwa ya lugha nyingi, kubwa kuliko miaka minne ya Toronto: mtu wa lugha nyingi hulazimika, kila siku na bila kuambiwa, kuanza kwa kujiuliza mwenzake amesimama wapi.

Lipo jaribio moja linalokaribia jambo hilo. Lilifanywa Chicago na Samantha Fan, Katherine Kinzler na wenzao, likachapishwa mwaka 2015. Mtoto wa miaka 4 hadi 6 aliketi upande mmoja wa rafu, mtu mzima upande wa pili. Mtoto aliona vigari vitatu, kikubwa, cha kati na kidogo. Mtu mzima aliona viwili tu, kwa kuwa kile kidogo kabisa kilizibwa kwa upande wake. Kisha akasema: sogeza kigari kidogo. Mtoto anayejali mwenzake anaona nini atasogeza kile cha kati. Watoto wa lugha moja walipatia kama nusu ya mara zote. Wa lugha mbili walifika kama robo tatu. Na wale ambao wao wenyewe walizungumza lugha moja lakini walikulia karibu na watu wa lugha nyingine walifika karibu pale pale. Watoto walikuwa 72 tu, kwa hiyo nisilijengee nyumba jaribio hili. Lakini jiulizeni ni mtaa gani wa Arua ambamo mtoto hakui karibu na watu wa lugha nyingine. Labda mtoto wa hapa hufundishwa somo la kile kigari kabla hajaota meno.

Na tusidhani lugha zetu hizi ni sura za kitu kimoja. Kilugbara na Kimadi ni ndugu, wa jamii ya Sudani ya Kati. Kikakwa kina udugu na Kibari cha Sudan Kusini, na kwa mbali na Kiteso na Kimaasai. Kialur ni mtoto wa Waluo, pamoja na Kiacholi na Kijaluo cha Kisumu. Kinubi msingi wake ni Kiarabu. Kiswahili ni Kibantu. Kiingereza na Kihindi, ambavyo dunia huviona vikitengana kama mashariki na magharibi, vina asili moja. Kilugbara na Kiswahili havina udugu wowote uliothibitishwa. Anayetoka Kiswahili kwenda Kilugbara lazima apate sikio jipya, kwa maana katika Kilugbara kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana ya neno, na maneno yenyewe ni mafupi, hayakupi nafasi ya kukisia. Padri Crazzolara, aliyechapisha sarufi ya Kilugbara mwaka 1960, alitumia kurasa nyingi kueleza kile ambacho mtoto wa mtaa wetu wa Mvara hukijua kabla ya kuacha ziwa.

Lugha hizi zimekutanaje hapa? Hapa inabidi nizungumze mambo mazito.

Mwaka 1894 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alipewa kwa mkataba eneo la Lado, lililojumuisha nchi yetu hii, alitumie maisha yake yote. Alikufa Desemba 1909, eneo likarudi Sudan mwaka 1910, na mwaka 1914 sehemu ya kusini ikaunganishwa na Uganda. Mkuu wa wilaya wa kwanza, A. E. Weatherhead, akaweka kituo chake hapa Arua mwaka huo huo. Katika miaka ishirini wazee wetu walitawaliwa na serikali tatu bila kuhama nyumba zao. Wakakwa waligawanywa kati ya Koboko, Yei na upande wa Aru. Walugbara kati ya Uganda na Kongo. Waalur kati ya Nebbi na Mahagi. Mpaka ulipita katikati ya koo, na watu wakaendelea kuvuka kwenda misibani na harusini kama kwamba hakuna kilichobadilika, wakibeba maneno ya kila upande.

Kabla ya hapo kulikuwa na askari wa Emin Pasha, gavana wa Equatoria tangu 1878, aliyekuwa na kituo chake Wadelai, kwenye Nile yetu hii. Askari wale walitoka katika makabila mengi ya Sudan, na kilichowaunganisha kilikuwa Kiarabu cha jeshini, ambacho kwa wengi wao hakikuwa lugha ya kwao. Emin aliondoka na mpelelezi Stanley mwaka 1889. Askari wengi wakabaki na Selim Bey, na mwaka 1891 Kapteni Lugard akawachukua kule Kavalli, karibu na Ziwa Albert. Watoto wao walikuza lugha ile, wakaipa sarufi yake yenyewe, na leo ni Kinubi, lugha ya mama kwa watu wa Arua, wa Bombo na hata wa Kibera jijini Nairobi. Watu waliong'olewa kwao, wasio na lugha moja, waliunda lugha ambayo watoto wao wanaotea ndoto. Sijui sifa kubwa kuliko hiyo ambayo watu wanaweza kupewa.

Kiswahili nacho kilikuja kwa njia ya bunduki na jembe. Vijana wa West Nile waliandikishwa kwa wingi katika King's African Rifles, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya amri. Wengine walipelekwa kwenye mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, kwa sababu serikali ya kikoloni ililiona eneo hili kama ghala la vibarua. Waliorudi walirudi na Kiswahili. Mpaka leo baadhi ya kata za mji huu zinaitwa Tanganyika, Kenya, Pangisa.

Halafu ikaja 1979. Rais Idi Amin alipoangushwa, kila mtu wa West Nile alionekana ni mtu wa Amin. Mwishoni mwa 1980 na mwaka 1981 vita viliingia katika vijiji vyetu, na tarehe 24 Juni 1981 raia waliokimbilia misheni ya Ombaci, hapo tu nje ya mji, waliuawa na askari waliotakiwa kuwalinda. Wako hapa ukumbini watu wenye ndugu waliozikwa Ombaci. Watu wakakimbilia Zaire na Sudan kwa maelfu. Waliokwenda Zaire walikuta Kifaransa shuleni na Kibangala sokoni. Waliokwenda Sudan walikuta Kiarabu cha Juba. Mtoto aliyevuka na Kilugbara peke yake alirudi, kuanzia 1986 hivi, na lugha tatu au nne, na shule ya Uganda ikamketisha na wadogo zake kwa kuwa hakujua Kiingereza. Hakuna aliyemuuliza anajua nini.

Ninapolisifu soko la Koboko, nisieleweke kama ninasifu kilicholileta. Sehemu ya lugha zetu tumezinunua kwa damu. Lakini kumbukeni kilichotokea mwaka 2016, vita vya Juba vilipoenea Equatoria. Watu wa Yei walimiminika kuja huku. Bidi Bidi kule Yumbe ikageuka, katika miezi michache, kuwa moja ya makazi makubwa kabisa ya wakimbizi duniani. Lobule, kule Koboko, ilikuwa tayari na wakimbizi Wakongo tangu 2013. Waliopokea walikuwa nani? Ni wale wale waliopokelewa miaka ya 1980, na walipokea kwa lugha walizozipata ukimbizini. Mama wa dagaa alimwita kijana yule kwa ukoo wake kwa sababu naye aliwahi kuitwa hivyo.

Niseme neno juu ya Kiswahili katika Uganda yote, maana hapa tunabeba lawama ambayo si yetu. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya elimu na utawala. Kabaka Daudi Chwa akapinga, maaskofu nao wakapinga, kwa hofu kwamba Buganda ingemezwa. Mwaka 1973 Amin akakitangaza kwa amri kuwa lugha ya taifa, na hapo hofu ya zamani ikapata sura: kwa mtu wa Kampala, Kiswahili kikawa sauti ya askari kizuizini au ya jambazi usiku. Nawaelewa. Aliyeamriwa alale chini kwa lugha fulani hawezi kuipenda kwa sababu tu katiba imebadilishwa. Mwaka 2005 katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Haya ni mazuri, na mimi ninakula kwayo. Ila lazima moja haiwezi kuponya kilichojeruhiwa na lazima nyingine. Walimu wa Kampala waje Arua waone Kiswahili kinavyoishi bila amri, kikiwa lugha ya mtu wa tatu: Mualur na Mkakwa wanapokutana, kila mmoja hutoka kwake, wakakutana katikati, hakuna aliyemtawala mwenzake. Kizuizini kilikuwa lugha ya mwenye bunduki. Sokoni ni lugha ya wasiotaka kushindana.

Turudi kwa mzazi wetu anayetaka kuacha Kilugbara.

Wallace Lambert, yule yule wa Montreal, aliendelea kufikiri, akafika katika jambo ambalo kwangu ni zito kuliko alama zake za 1962. Alitofautisha kujifunza lugha kunakoongeza na kujifunza kunakopunguza. Mtoto ambaye lugha mpya inawekwa juu ya ile ya kwao, hunufaika. Mtoto ambaye lugha mpya inaing'oa ile ya kwao, hupungukiwa, hata kama kwa hesabu ya nje anajua mbili. Katika mitaa yetu sasa kuna nyumba ambamo baba na mama wanasemezana Kilugbara na kumsemesha mtoto Kiingereza, Kiingereza chenyewe kikiwa kile cha kuamrisha tu: kaa, kula, nyamaza, lala. Mtoto huyo anakosa vyote. Kiingereza hakipati kwa upana wake, na Kilugbara anakisikia kupitia ukuta, kama siri ya wakubwa. Bibi akija kutoka kijijini, mtoto anamkimbia. Hataki kuonekana hajui. Hapo kinapotea kitu ambacho hakuna kamusi itakayokirudisha. John Middleton aliishi kati ya Walugbara kuanzia 1949 hadi 1952 akaandika vitabu juu ya koo zao, wazee wao na mizimu yao, na ninashukuru aliandika. Lakini ni aibu ikiwa mjukuu wa wazee waliomsimulia Middleton itabidi awajue babu zake kwa Kiingereza cha kitabu.

Serikali, kwa haki yake, ilishaliona hili. Tangu 2007 mtaala wa Uganda unataka darasa la kwanza hadi la tatu lifundishwe kwa lugha ya eneo, Kiingereza kikiwa somo, na darasa la nne liwe la kuvukia. Sera ni njema. Ilishapimwa kwingine: katika mradi wa Ife, Nigeria, ulioanza 1970 chini ya Profesa Babs Fafunwa, watoto waliosoma miaka sita kwa Kiyoruba waliwazidi wenzao waliohamishiwa Kiingereza mapema, tena hata katika Kiingereza chenyewe. Kwetu shida ni kwamba mtihani wa kumaliza shule ya msingi ni wa Kiingereza, vitabu vya Kikakwa na Kilugbara ni vichache, na shule za mjini zina watoto wa lugha tano darasa moja. Mwalimu mkuu anaogopa mtihani, mzazi anaogopa mwalimu mkuu, na mtoto anavishwa kibao shingoni kwa kosa la kuongea lugha ya mama yake uwanjani. Kibao hicho nimekivaa. Kilikuwa cha mbao, kimechongwa vibaya, na tuliambiana kwa kunong'ona nani anacho ili tumkwepe. Kilitufundisha kumkwepa mwenzetu kwa sababu ya lugha yake, kinyume kabisa cha kile anachokijua mama wa dagaa.

Lipo jambo jingine ambalo watetezi wa lugha nyingi hatulisemi vya kutosha. Katika kituo kimoja cha afya nilimwona binti wa miaka kama kumi akimtafsiria mama yake, mkimbizi, kutoka Kiarabu cha Juba kwenda Kiswahili. Alikuwa hodari, sauti thabiti. Nesi akauliza siku za mwezi za mama zilikuwa lini. Binti akanyamaza. Kisha akamgeukia mama yake akamuuliza kitu kingine kabisa: eti umeanza kuumwa lini? Mama akajibu hilo, binti akalipeleka kwa nesi, nesi akaandika. Nani amlaumu? Mtoto wa watu hakuweza kutamka neno hilo mbele ya mama yake, kwa hiyo alilinda heshima yake kwa akili kubwa, na karatasi ikabeba jibu la swali ambalo halikuulizwa. Tunawaita watoto hawa daraja. Hakuna mtoto anayepaswa kupitiwa na mzigo wa aina hiyo. Makazi ya wakimbizi, hospitali na mahakama zetu zimejaa watoto na majirani wanaotafsiri bure, wakati vijana wenye lugha nne wanakaa kijiweni bila kazi. Wafundishwe ukalimani, wale kiapo cha kutunza siri, walipwe. Chuo Kikuu cha Muni kiko hapa hapa tangu 2013; sioni mahali Uganda panapostahili zaidi kuanzisha somo hilo.

Na walimu wa darasa la kwanza, nina ombi ambalo halihitaji bajeti. Siku mtoto anapoandikishwa, fomu huuliza jina, dini na wilaya ya baba. Ongezeni mstari mmoja kwa kalamu: anajua lugha zipi, na amezijulia kwa nani. Mwandikieni hata ile anayoielewa bila kuisema. Mstari huo ukijaa lugha tano, mwiteni mzazi mumwonyeshe. Kisha mnapopanga madawati, yule mgeni wa Yei asikae peke yake nyuma. Mmeshajua nani wa kumketisha naye.

Sasa ni zamu yenu. Ulizeni kwa lugha iliyo karibu na swali lenyewe: Kilugbara, Kikakwa, Kialur, Kimadi, Kinubi, Kibangala, Kiingereza. Ambapo mimi sitaelewa, aliyeketi karibu na muulizaji asimame atutafsirie, na tusimharakishe. Naona mkono wa mzee pale mlangoni umeinuka kwanza.